Siku 16 katika nyumba ya kulaza mbwa, Ngaramtoni: tathmini ya familia yenye mbwa wawili

Mwezi wa Desemba uliopita tuliwaacha mbwa wetu wawili, Tomi na Chapati, katika nyumba ya kulaza mbwa iliyoko nje kidogo ya jiji la Arusha, upande wa Ngaramtoni, nasi tukapanda basi kwenda Tanga kumwona mama yangu mzazi. Walikaa huko siku 16. Haya ninayoyaandika ni tathmini ya huduma waliyoipata, mazuri na mabaya yake, nami nililipa bei ile ile wanayolipa wengine. Jina la mahali hapo sitalitaja, na sababu si ugomvi: mwenyewe, mzee aliyestaafu uaskari baada ya miaka mingi ya kufanya kazi na mbwa wa Polisi, ana vyumba 12 tu, na alinisihi nisimjazie watu getini wakati wa sikukuu akalazimika kuwarudisha. Anayefuga mbwa Arusha na akamuuliza daktari wake wa mifugo huenda akaelekezwa, kama nilivyoelekezwa mimi.

Huduma ya namna hii haipimiki mpaka msomaji ajue mbwa wenyewe wanaishije kwao, hivyo nianzie nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na katika nyumba niliyokulia mbwa alikuwa kiumbe wa kumpisha barabara. Mume wangu ni Mmeru, na kwao boma lisilo na mbwa ni kama halina mlango. Tulipooana tulikubaliana kwamba mbwa watafugwa, ila watakuwa wenyeji wa uani: hawatavuka kizingiti, mahali pangu pa kusalia hapataguswa, na vyombo vyao vitakaa mbali na vyetu, kwa kuwa sisi tulio katika madhehebu ya Shafii chombo alichokilamba mbwa tunakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Makubaliano hayo hayajavunjwa hata siku moja. Wapo wanaodhani kwamba kumpenda mbwa ni kulala naye kitandani na kumvalisha sweta, na kwamba sisi tunaowaweka uani tunafuga kengele tu. Waje wamwone Tomi.

Tomi aliletwa mwaka 2014 ndani ya kikapu cha ndizi kutoka kwa baba mkwe, akiwa na umri wa miezi miwili, mwaka uleule alipozaliwa binti yetu wa kwanza, Rehema. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, masikio yamesimama na mkia umejikunja. Rehema alijifunza kusimama pale uani, juu ya mkeka, kwa kushika ngozi ya shingo ya Tomi, naye Tomi alikuwa akisimama bila kutikisika mpaka mtoto achoke mwenyewe akae chini. Kila usiku, kwa miaka yote hii, hulala nje ya mlango wa nyuma, ubavu umegusa kizingiti na miguu ya mbele imenyooshwa. Ukifungua mlango alfajiri kwenda kuchota maji ya udhu, ananyanyuka, anasogea hatua mbili kukupisha, kisha anarudi palepale. Mama yangu alipokuja kututembelea alimtazama siku tatu bila kusema neno, na siku ya nne akasema kwamba huyu analala kama yule mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Tangu hapo hamwiti mbwa, anamwita mlinzi, na kila akipiga simu, baada ya kuwajulia hali wajukuu zake, huuliza, "Na mlinzi wenu amekula?" Kumgusa bado hamgusi.

Chapati alifuata mwaka 2021. Watoto walimkuta kwenye mtaro karibu na soko la Kilombero, na mwanangu wa pili, Issa, akampa jina hilo kwa sababu ya madoa ya kahawia yaliyotawanyika juu ya manyoya yake meupe. Tomi alimpuuza mwezi mzima, kisha akaanza kumwachia nusu ya kivuli.

Nyumba hii ya Ngaramtoni si ya kwanza kwetu. Miaka miwili kabla yake tuliwapeleka mahali pengine, ambapo napo sitapataja, palipokuwa na geti zuri, vigae vyeupe na picha za kuvutia. Kila mbwa aliwekwa peke yake katika kizimba cha chuma kilichotazama ukuta, na Tomi na Chapati walitenganishwa kwa vizimba vinne, wakawa wanasikiana bila kuonana. Tuliporudi, Tomi alikuwa amekauka sauti kwa kubweka, na juu ya pua palikuwa pamechubuka kwa kusukuma nondo. Chapati alikuwa anakohoa kikohozi kikavu kilichochukua wiki mbili kuisha. Lakini hayo yote yalipona. Kilichonikaa moyoni ni kwamba usiku wa kwanza Tomi hakuja mlangoni. Alilala getini, uso wake barabarani, na akalala hivyo usiku nne mfululizo, sisi tukimwita naye anageuza sikio moja tu. Rehema alilia. Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja cha mahali pa kulaza mbwa, na hakihusiani na vigae: nitazame Tomi analala wapi usiku wa kwanza baada ya kurudi.

Mzee wa Ngaramtoni hakutupokea siku ya kwanza tulipompigia simu. Alitaka kwanza twende bila mbwa, tuwe na kadi zao za chanjo mkononi. Tulipofika tulimkuta akimrudisha mtu mwenye gari la thamani kwa sababu kadi ya mbwa wake ilikuwa imepitwa na miezi mitatu, na maneno yake yalikuwa machache: "Nenda kachanje, kaa siku 14, ndipo uje. Hapa ndani nina roho za watu 12." Masharti yake ni chanjo ya kichaa cha mbwa isiyozidi mwaka, pamoja na chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa na parvo, magonjwa mawili hatari ya virusi kwa mbwa, na zote ziwe zimetolewa angalau wiki mbili kabla ya kuingia, kwa kuwa mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Mume wangu aliona ni ukali uliopitiliza. Mimi sikuona hivyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakina kupona, si kwa mbwa wala kwa binadamu, na karibu wagonjwa wote wa kibinadamu duniani, takriban 99 kwa kila 100, hukipata kutoka kwa mbwa. Chanjo yenyewe huanza mtoto wa mbwa akitimiza miezi mitatu, hurudiwa kila mwaka, na kuna mahali hutolewa bure inapofika tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya ugonjwa huo. Mtu anayelaza mbwa wa watu bila kuuliza kadi anacheza na roho za watunzaji wake kabla hajafika kwenye roho za mbwa.

Kisha akatuuliza maswali ambayo kule kwa kwanza hakuna aliyetuuliza. Nani huwapa chakula? Wanaitwaje kula? Wakiogopa hukimbilia kwa nani? Nani kati yao hula kwanza, na je, wamewahi kulala mbali mbali? Nilimweleza habari ya kizingiti, nikitarajia acheke, kwa kuwa wapo wanaocheka. Hakucheka. Aliandika katika daftari lake la kaunta: "Tomi. Mlangoni. Asilazwe ndani kabisa ya chumba." Mwisho akaniambia, "Mama Rehema, siku ya kuwaleta, lete na nguo uliyoivaa ukipika, usiifue."

Nilimpelekea kanga yangu ya jikoni, iliyochuja, yenye harufu ya vitunguu na moshi wa mkaa, iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Sikuichagua kwa maneno yake, lakini Issa alisoma, akacheka mpaka kirikuu tuliyoikodi ikafika Ngaramtoni. Kuhusu hiyo nguo, mzee anasema aliyajua mambo haya kazini, na wasomi nao wameyathibitisha kwa njia yao: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za ubongo mbwa 12 waliofunzwa kutulia ndani ya mashine bila kufungwa, wakinusishwa harufu yao wenyewe, ya mbwa wanayemjua, ya mbwa wasiyemjua, ya mtu wanayemjua na ya mtu wasiyemjua. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo jema iliitikia zaidi harufu ya mtu wanayemjua, na mtu huyo hakuwapo hata chumbani. Kanga isiyofuliwa, basi, si ushirikina wa mzee.

Mahali penyewe si pa kifahari. Vyumba vimejengwa kwa tofali za saruji, kila kimoja kina upana wa hatua nne hivi, sakafu ya zege yenye mteremko ili maji yasituame, na chaga ya mbao iliyoinuliwa ili mbwa asilale juu ya baridi, jambo ambalo kwa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, si dogo hata mwezi wa Desemba. Milango ni ya wavu na yote inatazama ua mmoja wenye miparachichi mitatu, ambako mbwa hutolewa kwa zamu asubuhi na jioni. Tomi na Chapati walipewa chumba kimoja, na chaga ikasogezwa mpaka ikagusa mlango. Choo cha mbwa husafishwa mara tatu kwa siku. Nilikwenda mara moja bila kutoa taarifa kabla hatujaamua, saa nane mchana, na sikusikia harufu.

Kwenye chakula ndipo mzee anapokuwa na maneno mengi, na nilimpenda kwa hilo. Watu wengi kwetu huwapikia mbwa pumba za mahindi na dagaa, kwa kuwa pumba ni rahisi, na sisi wenyewe tulikuwa tukifanya hivyo. Yeye pumba haziingii getini kwake. Sababu yake ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje, yaani katika kile kile kinachobaki kuwa pumba, na ini la mbwa haliistahimili. Anapika chenga za mchele, dagaa walioondolewa mchanga, karoti, na mara mbili kwa wiki utumbo wa ng'ombe, bila chumvi na bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatoi kabisa, kwani hupasuka vipande vyenye ncha. Anayependa kuleta chakula chake cha mfuko anaruhusiwa, na bei haipungui. Niliona hilo si haki, nikamwambia. Akajibu kwamba maji, moto na mikono ni vile vile.

Kila usiku kabla ya saa tatu tulipokea ujumbe mfupi wa sauti kutoka kwa dada mtunzaji, na picha moja. Pale Tanga, barazani kwa bibi yao, watoto walikuwa hawalali kabla ujumbe huo haujafika, na mdogo wetu wa miaka mitano alitaka arudishiwe sehemu ambayo Chapati anasikika kwa mbali. Siku ya tatu dada alisema kwamba Tomi hali asubuhi, anakula jioni tu, na kwamba ameona akiitwa kwa jina peke yake haji, lakini akisema "Tomi, tayari", kama Rehema alivyomwandikia kwenye karatasi, anakuja. Rehema alijifanya hakusikia. Nilimwona akitabasamu upande wa ukutani.

Tarehe 28 Desemba simu iliita asubuhi, si usiku, nikajua kuna jambo. Tomi alikuwa ameacha chakula cha jioni pia. Dada alimfunua mdomo akaona ufizi umepauka kama karatasi, na mkojo aliokojoa kwenye zege ulikuwa na rangi ya kahawa. Hakusubiri kuniuliza, alimpima joto akakuta nyuzi 40.7, wakati joto la kawaida la mbwa halizidi sana 39, ndipo akampigia daktari, na baada ya hapo akanipigia mimi. Daktari alitoboa ncha ya sikio, akachukua tone la damu, akakuta homa ya kupe: vimelea wanaoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, kwa jinsi inayofanana na malaria kwetu. Mzee mwenyewe ndiye aliyechukua simu kunieleza. Alisema, "Pole sana, mama. Atachomwa sindano sasa hivi kama mnaridhia, na nyingine baada ya siku 14. Sikufichi, ana umri, na damu imepungua. Lakini macho yake bado yanafuata watu."

Wengine wangeanza kulaumiana hapo. Mume wangu alitaka kujua kupe huyo alitoka wapi, na daktari akajibu kwamba tangu kupe aume hadi dalili zionekane huchukua kiasi cha siku 10 mpaka wiki tatu au zaidi, nasi tulikuwa siku ya tisa. Kupe alitoka kwetu. Dawa ya kupe ya mwezi wa Novemba sikuipaka. Nilikuwa na hesabu za ada, nikasema nitapaka mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa safari. Ninaliandika hili hapa kwa sababu tathmini inayomsema mwenye nyumba na kumficha mwenye mbwa si tathmini.

Jioni ile mama yangu alikaa kimya barazani akisikiliza, kisha akasema kwamba Mtume alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, na akatoa noti mbili za elfu kumi kutoka kwenye pindo la kanga yake ziende kwa daktari. Mwanamke huyu hajawahi kumpapasa mbwa maishani mwake. Baadaye, watoto walipolala, nilikumbuka habari niliyoisoma juu ya kaburi lililofukuliwa mwaka 1914 kwenye machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, ambamo mwanamume na mwanamke walizikwa pamoja na mbwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Meno ya mbwa huyo yanaonyesha kwamba aliugua sana akiwa mdogo, ugonjwa unaodhaniwa kuwa distempa, na kwamba aliishi wiki kadhaa ambazo asingeziishi bila mtu wa kumlisha, kumnywesha na kumsafisha. Hakufikisha umri wa kuwafaa kwa kuwinda wala kulinda. Sijui ni kwa nini habari hiyo ilinifariji usiku ule, lakini ilinifariji.

Siku tatu zilizofuata ndizo zilizonifanya niiandike tathmini hii. Dada alihamishia godoro lake kwenye stoo iliyo mkabala na chumba chao, akawa anamnywesha Tomi supu ya utumbo kwa kijiko kila baada ya saa mbili, na kila mara alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "amekunywa", "amekataa", "amekunywa". Chapati hakutengwa naye, kwa kuwa homa hii haipiti kutoka kwa mbwa hadi mbwa kwa kulala pamoja, inahitaji kupe. Na usiku wa kuamkia mwaka mpya, baruti zilipoanza kulia Arusha nzima na matairi yakawashwa barabarani, mzee aliwaingiza mbwa wote 12 kwenye vyumba vya ndani, akaning'iniza magunia madirishani, akawasha redio kwa sauti kubwa kidogo na kukaa katikati ya korido kwenye kiti cha plastiki mpaka saa tisa usiku. Katika picha aliyotuma siku ya pili, Tomi amelalia kanga yangu, maandishi yanaonekana nusu, "...nyota ya mwenzio", na Chapati amelala juu ya miguu yake kama blanketi.

Tulirudi tarehe 4 Januari. Sasa niyaseme yaliyoniudhi, kwa kuwa yapo. Siku moja kabla ya kuchukuliwa, mbwa wote huogeshwa, utake usitake. Nilikuwa nimemwandikia dada, na nikamkumbusha kwa simu, kwamba sikio la kushoto la Tomi lina historia ya usaha na lisiingie maji. Kijana wa kuogesha hakuambiwa. Tulimpokea Tomi akitikisa kichwa, na wiki moja baadaye tukawa tunatia dawa ya matone asubuhi na jioni. Mzee aliomba radhi na akalipia dawa hiyo, lakini mbwa aliyetoka kwenye homa ya kupe hakustahili kuongezewa sikio. Mnyororo wa Chapati haukuonekana mpaka leo. Risiti ya daktari iliandikwa jumla tu, Sh 95,000, bila kuchanganua vipimo na dawa, na ilinibidi niombe mara mbili ndipo nikaandikiwa upya. Barabara ya kuingia kutoka lami ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha kirikuu hazikubali kwenda mpaka uongeze pesa. Anayechelewa kuchukua mbwa baada ya saa sita mchana hutozwa nusu siku, hata kama kilichomchelewesha ni basi.

Bei ni Sh 15,000 kwa mbwa mmoja kwa usiku, na wawili wakilala chumba kimoja ni Sh 25,000. Kwa siku 16 tulilipa Sh 400,000, ukiweka na ya daktari inakuwa Sh 495,000, ambayo inazidi nauli yetu sote watano kwenda Tanga na kurudi. Kwa familia yetu hizo si pesa za kuokota. Niliambiwa na jirani kwamba kwa pesa hiyo ningenunua mbwa wanne, na nikamwambia ni kweli.

Kipimo changu kilibaki. Tulifika nyumbani magharibi, Tomi akashuka kwenye kirikuu taratibu, amekonda, mbavu zinahesabika. Aliuzunguka ua wote, akanusa mgomba, akanusa ndoo, akanywa maji, akasimama getini kwa muda mrefu akitazama barabara, mpaka Rehema akaingia ndani asione zaidi. Niliswali Isha. Nilipofungua mlango wa nyuma kumwaga maji, mlango ulikwama kwa kitu kizito, nikasikia kinanyanyuka, kinasogea hatua mbili. Nilimwaga maji yangu nikafunga taratibu, kisha nikaenda kumwamsha Rehema.

Kanga haijafuliwa, nimeiweka kwenye mfuko juu ya kabati, kwa kuwa mzee alisema akirudi aje nayo hiyo hiyo. Tumekwisha kuweka nafasi ya Desemba ijayo, malipo ya awali ni robo, na safari hii maelezo ya sikio nimeyaandika kwa wino mwekundu kwenye daftari lake, yeye mwenyewe akiniangalia. Kwa tano ninampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya sikio la kushoto la Tomi.